Madame Aliyetuita kwa Majina ya Viungo

Mbele ya Madame wetu wa anatomia hukuruhusiwa kuumwa tumbo. Kichwa, sawa, angekuvumilia mpaka umalize sentensi. Lakini ukimwambia tumbo, alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kikwembe chake, na kukutazama kama mtu aliyepewa anwani nusu.

"Tumbo iko commune muzima," alisema, yaani wilaya nzima ya mji. "Avenue gani? Namba ngapi?"

Basi ilibidi uweke kidole. Hapa, chini ya mbavu upande wa kuume, ini, na chini ya ini kibofu cha nyongo. Hapa katikati, mahali chakula kinapofikia kwanza. Hapa chini kuliani, kibole. Huko nyuma, karibu na uti wa mgongo, mafigo mawili. Ukishampa namba ya nyumba ndipo aliposikiliza maumivu yenyewe, na hapo alisikiliza kweli, kichwa kimeinama, kama hana kazi nyingine duniani.

Sasa hayupo. Alifariki katika hospitali moja ya Kisangani, mimi nikiwa Isangi, mto unakoteremkia, kwenye kituo cha afya ninakofanya kazi ya uuguzi. Sisi wanafunzi wake tukikutana tunacheka sana habari zake, halafu tunanyamaza wote kwa pamoja, na hakuna anayesema tumenyamazia nini. Mimi nadhani tunanyamazia upweke wake. Sisi tulikuwa wengi, na yeye alikuwa peke yake.

Mwanzoni mwa mwaka kila mwanafunzi alipewa kiungo, na kiungo hicho ndicho kilikuwa jina lako. Alipita kati ya mabenchi akitugusa bega mmoja mmoja. Wewe Clavicule, mfupa wa mtulinga. Wewe Larynx, kisanduku cha sauti kooni. Kijana mmoja wa Kindu, mwenye kifua kipana na sauti ya kuadhini, alipewa Diaphragme, kiwambo cha chini ya mapafu. Jitu moja refu, mtoto wa wavuvi wa Yanonge, alipewa Vésicule, kibofu kidogo cha nyongo, na darasa zima likaangua kicheko. Mwaka mzima uliitika kwa jina hilo, na habari zote za kiungo chako ulipaswa kuzijua: kinakaa wapi, majirani zake ni nani, damu inaingilia wapi na kutokea wapi, na mama anayeuza pondu, yaani kisamvu, sokoni anakiitaje kwa Kiswahili na kwa Lingala. Majina yetu ya ubatizo sidhani kama aliwahi kuyajua. Miaka baadaye, katikati ya soko, alipaza sauti "Vésicule!" na baba mmoja mwenye tai na kitambi akageuka mbio, akaja kumwamkia kwa mikono miwili.

Mimi alinipa Rate, yaani bandama. Nilikaribia kulia. Wenzangu walikuwa na moyo, na ubongo, na mapafu, vitu ambavyo hata mtoto mdogo anavijua.

"Madame, bandama inafanya nini?" nilimuuliza, na nadhani sauti yangu ilikuwa na manung'uniko.

"Inachuja damu. Inafanya kazi bila makelele. Batu banaijuaka tu siku inavimba."

Leo kazi yangu Isangi, kwa sehemu kubwa, ni bandama. Watoto wenye malaria ya muda mrefu wanaletwa kwa mtumbwi, macho yamepauka, na mimi natia vidole chini ya mbavu zao za kushoto, namwambia mtoto avute pumzi, nangoja ile ncha ishuke iguse vidole vyangu. Mara nyingine inaponigusa natabasamu, na mama wa mtoto ananishangaa.

Shule yetu ilikuwa na kiwiliwili kimoja cha plastiki, chenye viungo vya kuchomoa. Ini lilikuwa limepotea kabla ya sisi kufika, na mahali pake Madame aliweka kipande cha kandambili kuukuu alichokikata vizuri sana kwa wembe. Mapafu yalikuwa yote mawili ya upande mmoja. Kwa hiyo somo la moyo alilifanya kwa moyo wa mbuzi, alioununua mwenyewe asubuhi. Wa nguruwe ungefanana zaidi na wa mtu, alituambia, lakini darasani kulikuwa na Waislamu waliotoka Maniema na Kivu, na yeye alitaka kila mkono uuguse. Aliupasua mezani, akamimina maji ndani kwa birika la chai, na sisi tukaona vile vigozi vyembamba vinainuka na kufunga njia.

"Muangalie mulango inajifunga," alisema. "Hakuna mutu anaisukuma."

Baada ya somo aliufunga ule moyo katika majani, akaenda nao nyumbani. Siku moja nilimbebea mkoba mpaka kwake, katika commune ya Tshopo, upande ambako usiku na mchana unasikia maji ya bwawa. Aliupika ule moyo kwenye makaa, ndani ya majani yake, na pilipili nyingi. Akauweka mezani, akautazama.

"Moyo muzima kwa mutu mumoja, ni mingi," akasema, akanikatia nusu.

Nilicheka, nikidhani ni mzaha wa mwalimu. Wakati huo mume wake alikuwa ameshakufa, na hawakuzaa. Hilo la kutozaa tulilijua kwa njia mbaya. Katika somo la mfuko wa uzazi alisimama mbele yetu na pera mkononi, akatuonyesha kwamba ukubwa wake ndio huo tu, pera, na kwamba pera hilo linaweza kutanuka mpaka libebe mtu mzima wa kesho. Larynx, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akauliza: "Na batoto ya Madame, bako bangapi?" Madame akaliweka pera juu ya meza.

"Question suivante," akasema, swali linalofuata, na sauti yake haikubadilika hata kidogo.

Sauti hiyo isiyobadilika ndiyo iliyomharibia jina kwa wakwe zake. Siku za matanga ya mume wake, watu walipomuuliza amekufaje, aliwaeleza kama tulivyokuwa tunaelezwa sisi: mshipa wa damu umepasuka ndani ya ubongo, upande wa kushoto, ndiyo sababu mkono wa kuume ulianguka kwanza na maneno yakafuata. Alieleza hivyo kwa kila aliyeingia, macho makavu. Shemeji mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba mwanamke huyu amewekewa kamusi kifuani. Mimi mwenyewe nilikuwa pale nimeshika sahani za watu, na nilikubaliana na yule shemeji. Baada ya miaka mingi ndipo Madame aliponiambia, tena bila kuulizwa, tukiwa tunamenya makemba, ndizi za kupika:

"Nilikuwa naogopa. Nikiacha kusema majina, nitaanza kulia. Na nikianza kulia, nani atanyamazisha miye?"

Alikuwa na ukali wake, tusidanganyane. Kanisani pasta alipojishika kifua cha kulia akisema "hapa moyoni", Madame, katika benchi la mbele, aliinua mkono wake taratibu akauweka kushoto kwake mwenyewe, akauacha hapo mpaka pasta akahamisha wake. Lakini mgonjwa hakumsahihisha hata siku moja, na ole wako wewe umsahihishe. Mgonjwa akisema minyoo inatembea ndani ya kichwa chake, unaandika minyoo inatembea ndani ya kichwa, halafu unatafuta. Majina ni ya kwetu, alituambia, maumivu ni ya mwenyewe. Kisha akitoka hapo anakugombeza kwa sababu umeandika mkono wakati ulitaka kusema kiganja.

Kila Jumamosi alikwenda kusukwa. Kichekesho ni kwamba nywele zenyewe zilikuwa chache, na kila mwaka zilipungua, mpaka yule mama msusi akawa anaona haya kupokea malipo yake. Sisi tulisema Madame anataka uanamke. Nilimkuta huko mara moja, amekaa chini kwenye mkeka, kichwa kimeegemea goti la msusi, macho amefumba. Nilimuita mara mbili kabla hajasikia. Nilipomtania akasema ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya fahamu, ndiyo sababu. Akafumba macho tena, na mimi nikaondoka zangu.

Kitu kimoja alikiogopa, na alikisema waziwazi: kulazwa bila mtu. Msomaji asiyejua hospitali zetu ajue kwamba huku mgonjwa haendi peke yake. Anakwenda na garde-malade wake, dada au mtoto au shangazi, anayelala chini pembeni ya kitanda, anayempikia, anayemwogesha, anayekimbilia dawa na kuchota maji. Muuguzi ana kazi yake na vitanda vingi, na hiyo si kazi yake. Tulipoanza kwenda wodini, Madame alitukataza kusoma karatasi ya mgonjwa kabla hatujainama.

"Kwanza angalia chini ya kitanda," alisema. "Kuko mukeka? Kuko sufuria, kuko bassin? Bon. Huyu iko na mutu. Kama chini iko mweupe, huyu njo mugonjwa yako ya kwanza, hata kama homa yake iko kidogo."

Tuliinama kweli, na tulijifunza. Naye alipostaafu, akawa anaulizia habari hiyo kuliko habari ya mshahara au ya watoto wetu. Tukimtembelea, aliuliza nani amelazwa, na ana nani. Kwa wale wasio na mtu alitutuma sisi, kwa majina yetu ya viungo: nenda kamwambie Clavicule, anayefanya kazi wodi ya wanaume, amtazame yule mzee. Lakini yeye mwenyewe, homa ikimshika, alimeza vidonge nyumbani na kufunga mlango. Majirani walisema Madame ana kiburi, hataki kuonwa na wale aliowafundisha.

Mara ya mwisho kumtembelea nyumbani nilikuwa nimekuja mjini kuchukua dawa za kituo. Mlango ulikuwa wazi. Jirani yake, mama mmoja mwuza lituma, ndizi za kuponda, alinipokea uani na kuninong'oneza kwamba Madame ameanguka akitoka kuoga, hataki kusogezwa, hataki hospitali, anakunywa chai tu. Niliingia. Alikuwa amelala chali, shuka mpaka kidevuni, uso umekonda. Nilitaka kumkimbilia.

"Simama hapo," akasema. "Usiniguse kwanza. Toa shuka, uangalie. Unaona nini?"

Nikafunua. Nilikuwa nalia, lakini nilitazama.

"Muguu ya kuume iko mufupi kuliko ingine. Na unyayo inageukia inje."

"Donc? Basi?"

"Donc, col du fémur, Madame. Shingo ya fupa la paja imevunjika."

"Très bien, Rate. Nilijua kutoka niko chini kwa sakafu. Nilisema yote, nilisema kwa sauti. Fupa, shingo yake, mushipa yenye kulisha kichwa yake. Nyumba ilinisikiliza muzuri sana."

Nikamwambia twende hospitali sasa hivi. Akageuza uso ukutani. Alinieleza, kwa ile sauti yake ya ubaoni, kwamba mtu wa umri wake akilala nyumbani na mvunjiko huu, mapafu yanajaa, mgongo unaoza, na mwisho unajulikana. Alijua kila hatua. Nikasema kama unajua hivyo basi twende.

"Bataniuliza garde-malade."

"Utasema ni miye."

"Weye uko na bwana, uko na batoto, uko na kazi Isangi."

"Madame, utasema ni miye."

Baadaye kidogo alitoa mkono chini ya shuka akajifuta macho kwa mgongo wa kiganja, na hapo nilijua tutakwenda. Wanaume wa mtaani walimbeba na godoro lake mpaka kwenye gari la mizigo. Njiani kila tulipoingia shimo alitaja kwa meno yaliyokazwa msuli uliojikaza, mmoja baada ya mwingine, na dereva akaniuliza kwa Lingala kama mama huyu anasali kwa Kilatini.

Mapokezi tulimkuta kijana ambaye hakufundishwa na Madame, na hakumjua. Aliuliza umri, akauliza mtaa, akauliza garde-malade. Nikasema mimi.

"Weye ni nani yake?"

Madame akajibu toka chini, kwenye godoro.

"Andika: mutoto."

Kijana akaandika, akaita anayefuata. Mimi sikuweza kumtazama Madame, nikajifanya nakunja shuka.

Walimfunga mguu kwa kamba, wakaning'iniza mfuko wa mchanga mwishoni mwa kitanda ili umvute taratibu, na daktari akasema itachukua wiki nyingi. Habari zilienea. Wanafunzi wake wa zamani walikuja wakiwa na makoti meupe, wakasimama kuzunguka kitanda, na yeye akawauliza maswali mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanacheka. Diaphragme, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi, alisahau mishipa inayopita katika kiungo chake, na akagombezwa mbele ya wote. Wote walimpenda. Zamu zao zilipokwisha, wote walikwenda nyumbani kwao.

Asubuhi nilimwogesha. Mara ya kwanza alinikataza, akasema atajifuta mwenyewe, ila mgongo haufikiki. Nilimgeuza upande kidogo, kadiri kamba ilivyoruhusu, nikapitisha kitambaa cha maji ya moto. Akaanza kutaja. Bega, kombe la bega, uti wa mgongo, mbavu za chini. Nilimfuata, kitambaa na jina, kitambaa na jina, kama tuko darasani. Nilipofika kiunoni alikuwa amenyamaza. Nikafikiri nimemuumiza, nikainua mkono.

"Usitoe," akasema. "Tangu bwana yangu alikufa, hakuna mutu amegusa fasi hiyo."

Nikarudisha mkono. Maji yalipoa kwenye beseni, na mimi sikuondoka.

Nilikaa naye muda nilioweza, na nikaongeza. Kule Isangi mwenzangu alikuwa peke yake na wajawazito, mume wangu alipiga simu, halafu akapiga mganga mkuu. Nilizungumza na dada wa kitanda cha jirani, aliyemlinda ndugu yake, akubali kumpikia Madame na kumgeuza. Nilizungumza na Clavicule. Nilimwachia Madame mkeka wangu chini ya kitanda, na sufuria, ili atakayeinama avione. Yeye aliyatazama maandalizi yangu yote akitikisa kichwa.

"Usijichokeshe, Rate. Bakiniuliza garde-malade iko wapi, nitasema ameenda kutafuta maji, anakuya sasa hivi."

Nikacheka, na yeye akacheka. Ilikuwa jibu zuri sana. Bomba la hospitali liko nyuma, mbali, mara linatoka na mara halitoki, na foleni ya ndoo inazunguka ukuta. Garde-malade aliyekwenda kutafuta maji anaweza kupotea tangu asubuhi mpaka jua kuzama, na hakuna anayeshangaa. Nikapanda baleinière, ile boti kubwa ya mbao, nikashuka mto.

Halafu siku zikapita. Clavicule alipita alipoweza. Yule wa kitanda cha jirani alipona, akatoka na dada yake. Muuguzi mmoja kijana, ambaye simjui sura, ndiye aliyenipigia. Alisema kwa adabu kwamba bibi wa kitanda cha pembeni ana homa na kifua, na kwamba kila zamu wakimuuliza mtu wake, anasema yuko kwenye maji. Sasa wao wanataka kujua maji haya ni ya wapi. Nikamwomba ampe simu.

Nilisikia pumzi zake kwanza, fupi, zenye mkwaruzo chini ya pafu. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Alizungumza kwa sauti kubwa, na nilielewa mara moja kwamba hazungumzi na mimi tu. Alitaka vitanda vyote visikie kwamba ana mtu.

"Rate! Maji imepatikana?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa kituo, mtoto wa mtu mkononi, mto unapita mbele yangu.

"Bado, Madame. Musululu iko murefu."

"Bon. Usitoke kwa musululu, batakuibia fasi. Miye niko tu hapa, sina haraka."

Kikohozi kikamshika, kirefu. Nikangoja. Kisha akarudi, na safari hii sauti ilikuwa ndogo sana, ya mdomo uliosogezwa karibu na simu.

"Lakini ukuye."

"Nakuya, Madame," nikasema.